Mshono unaobeba tani 56

*Mafundi wa kuchomelea wa Tunduma hurudisha barabarani matela yaliyopasuka. Uso wa kazi yao unaonekana na kila mtu, lakini ubora wake umo ndani ya chuma.*

TUNDUMA. Lori lililosimama kwenye foleni ya mpakani halimwonyeshi mpita njia ugonjwa wake. Anayeuona ni utingo, akiinama chini ya tela kukagua tairi. Kwenye kona ambapo bano la springi limeshikana na chasisi kuna mstari mwembamba wa kutu mbichi, mwekundu, unaoshuka juu ya rangi nyeusi. Mwenye uzoefu hahitaji kuambiwa zaidi. Rangi imepasuka, na chini ya rangi chuma nacho kimepasuka.

Kinachofuata kimezoeleka. Fundi anaitwa, waya unavutwa kutoka kibandani, rodi mbili tatu zinaunguzwa juu ya ufa, ganda linagongwa kwa nyundo, rangi inapakwa. Foleni ikisogea, lori nalo linasogea. Dereva amepona kero ya siku, mwenye gari ameokoa fedha, fundi amepata riziki.

Ila kuna swali ambalo huwa haliulizwi pale kando ya barabara: je, ule ufa umeungwa, au umefunikwa tu?

Mji uliokuzwa na magurudumu

Tunduma usingekuwa mji huu bila vyombo vya moto. Barabara ya TANZAM, iliyojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, inavuka mpaka hapa kuingia Nakonde, Zambia. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo inapita hapa hapa. Shaba ya Zambia na ya Katanga inateremkia bandari ya Dar es Salaam. Mafuta, mbolea na mitambo vinapanda. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani ili kupunguza msongamano.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 mkoani, na zaidi ya laki mbili kati yao wako Tunduma.

Katika mji wa namna hii, kuchomelea ni kazi ya kila mtaa. Fundi yule yule anayetengeneza geti na grili za madirisha asubuhi, mchana anaunga jembe la kukokotwa na ng'ombe lililoletwa kutoka bondeni Momba, jioni anaitiwa mashine ya kumenya kahawa iliyotoka Mbozi. Geti likiachia mshono, hasara ni ya mwenye nyumba. Tela likiachia mshono kwenye mteremko wa Senjele, hasara inawaangukia watu ambao hawakujua hata kwamba lori hilo liliwahi kuchomelewa.

Uzito wenyewe si wa mchezo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu gari lenye ekseli saba kufikisha tani 56, mzigo na gari pamoja. Mizani ya Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, ipo kwa ajili ya kuangalia hilo. Mizani inapima kilo, na haina namna ya kujua kama chuma kinachozibeba kimeshikana.

> Mizani inapima kilo, na haina namna ya kujua kama chuma kinachozibeba kimeshikana.

Kinachotokea chini ya miwani

Kuchomelea ni kuyeyusha kingo za vyuma viwili mpaka vichanganyike, kisha kuviacha vigande vikiwa kitu kimoja. Hapo ndipo kunapotofautiana na gundi, na hata na lehemu ya fundi redio, ambayo huyeyuka yenyewe na kushika juu ya vyuma visivyoyeyuka. Kama kingo hazikuyeyuka, hakuna kilichoungwa, hata mshono ukipendeza kiasi gani.

Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi joto takriban 1,500 za Selsiasi. Tao la umeme linalowaka kati ya ncha ya rodi na chuma lina joto la maelfu kadhaa ya nyuzi, kwa hiyo nguvu ya kuyeyusha ipo tele. Tatizo ni hewa. Chuma kilichoyeyuka kinanyonya oksijeni na naitrojeni kwa pupa, na kikiganda hivyo kinakuwa na vitundu na wepesi wa kuvunjika.

Jawabu lililoenea duniani lilitoka Sweden. Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mjini Gothenburg mwaka 1904, alibuni rodi iliyovikwa koti. Koti hilo linapoungua hutoa gesi inayoifukuza hewa, na sehemu yake inayeyuka na kuelea juu ya mshono kama ganda. Ganda hilo, slagi, ndilo fundi wa Tunduma analigonga kwa nyundo kila siku.

Maandishi kwenye pakiti ya rodi yana maana ambayo wateja wengi hawaijui. Katika rodi ya E6013, namba 60 inaeleza nguvu ya mshono: ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba kabla haujakatika. Namba mbili za mwisho zinaeleza mkao unaofaa, aina ya koti na aina ya umeme. E6013 ndiyo rodi ya mageti: inawaka kwa urahisi, mshono wake ni laini, lakini haizami sana. E7018 ina nguvu zaidi na koti lake limetengenezwa ili kupunguza haidrojeni, sababu kubwa ya nyufa katika vyuma vigumu. Sharti lake ni ukavu. Ikishapata unyevu inatakiwa kuokwa tena kwenye oveni, kwa nyuzi 300 hadi 350, saa moja au mbili. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kibandani kuanzia Novemba mpaka Aprili, majira ya mvua Songwe, haina tena sifa zilizoandikwa juu yake.

Kisha kuna mkono wa fundi. Rodi ya milimita 3.2 kwa kawaida hutaka ampea kati ya 90 na 140. Ampea zikiwa chini, chuma cha rodi kinalala juu ya chuma cha kazi bila kuingia. Zikizidi, kingo zinaliwa. Rodi ikiinuliwa mbali mno tao linarefuka na hewa inaingia, ikikimbizwa, mshono unakuwa mwembamba, ikicheleweshwa, unamwagika. Umeme wa mtaani unapopanda na kushuka, mashine ya kusukwa hapa hapa nchini hupanda na kushuka pamoja nao, na fundi hulazimika kusikiliza mlio wa tao ili kujua nini kinaendelea. Fundi mzuri huusikia kweli. Hiyo ni elimu ambayo hakuna kitabu kinachoitoa, na wenye vyeti wanapaswa kuiheshimu.

Viungo vitano

Karibu kila kazi ya kuchomelea hurudi kwenye namna tano za kuvikutanisha vyuma. Viwili vinaweza kukutana ncha kwa ncha vikiwa sambamba. Kimoja kinaweza kulala juu ya ukingo wa kingine. Kimoja kinaweza kusimama juu ya kingine kama herufi T. Vinaweza kukutana kwenye kona, kama pande za sanduku, au kingo zake zikalinganishwa ubavu kwa ubavu, jambo la kawaida kwenye bati jembamba lisilobeba mzigo.

Ncha kwa ncha ndicho kiungo chenye nguvu kuliko vyote kikifanywa vizuri, na ndicho kinachodanganya zaidi kikifanywa vibaya. Bamba la milimita 3 rodi inaweza kulipita. Bamba la milimita 10 haiwezi. Lazima kingo zisagwe kwa grenda zifanye umbo la V, mara nyingi pembe ya nyuzi 60 kwa jumla, na pengo la milimita 2 au 3 liachwe chini ili mshono wa kwanza upenye hadi upande wa pili. Tabaka linalofuata linawekwa baada ya slagi ya lililotangulia kuondolewa yote. Asiyesaga V anaunga theluthi ya juu ya bamba na kuiacha theluthi mbili ikiwa ufa uliotengenezwa na binadamu.

Kwenye T na kwenye kulaliana, mshono hujaza pembe, na umbo lake huwa la pembetatu. Watu huangalia upana wa mguu wake. Nguvu iko kwenye koo, yaani kina kutoka kwenye kona ya ndani hadi usoni, ambacho ni takriban 0.7 ya mguu. Mshono wenye mguu wa milimita 6 una koo la milimita 4.2 tu. Ukiwa umebonyea katikati, unapungua zaidi.

Kasoro zinazoonekana na zisizoonekana

Baadhi ya kasoro hata mteja anaweza kuziona. Matone ya cheche yaliyotapakaa pembeni yanachafua kazi, ingawa kwa kawaida hayaidhoofishi. Vitundu usoni mwa mshono vinaonyesha kwamba palikuwa na rangi, mafuta, kutu, unyevu au zinki, au kwamba upepo uliipeperusha gesi. Anayechomelea kwa mashine ya MIG nje, kwenye upepo wa nyanda hizi za juu, bila kizuizi, anajitafutia vitundu.

Mkato wa pembeni ni hatari zaidi ya unavyoonekana. Ni mfereji mdogo unaochimbika kando ya mshono pale ampea zinapozidi au rodi inapopita haraka bila kujaza. Kwenye grili ya dirisha hauna madhara makubwa. Kwenye boriti ya tela inayotikisika maelfu ya mara kwa safari moja, mfereji huo ndipo ufa utakapoanzia.

Kasoro mbaya kabisa hazina sura. Kutoshikana kwa kingo, kutozama hadi chini, slagi iliyonaswa kati ya matabaka: zote hizi zinaweza kukaa chini ya mshono uliopangika vizuri na kung'aa. Ndiyo maana mabomba ya mafuta hayapimwi kwa macho. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968 baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa upande mmoja na Zambia kubanwa mafuta, lina kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola na linapita katika ukanda huu huu wa Songwe. Kama vipande vyake vilikuwa vya mita 12, hesabu inatoa maungio zaidi ya 140,000. Bomba jipya la EACOP, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443 na vipande vya takriban mita 18: maungio zaidi ya 80,000. Kazi kama hizo hupimwa kwa mionzi au mawimbi ya sauti, na wachomeleaji wake hufanyiwa mtihani kabla ya kuruhusiwa kugusa bomba.

Kando ya barabara ya Tunduma hakuna mionzi. Lakini kuna vipimo vya bei nafuu ambavyo vingefaa kutumika zaidi. Fundi anaweza kuunga vipande viwili vya mabaki kwa umbo la T, upande mmoja tu, kisha akavigonga kwa nyundo mpaka mshono uvunjike. Ndani ya mpasuko ataona kila kitu: vitundu, slagi, na ile kona ambayo haikuyeyuka. Kwa tenki la maji, upande mmoja wa mshono hupakwa chaki, upande wa pili mafuta ya taa. Doa likitokea kwenye chaki, kuna tundu.

Ufa wa siku ya pili

Nyufa zinastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu kasoro nyingine hudhoofisha kazi polepole na ufa huimaliza.

Kuna ufa wa moto, unaotokea mshono ukiwa bado unaganda, mara nyingi kwenye kishimo kinachobaki fundi anapoinua rodi ghafla. Huo huonekana mapema. Kuna pia ufa wa baridi, na huu ndio unaotisha. Haidrojeni iliyotoka kwenye unyevu wa rodi au grisi ya chuma huingia kwenye mshono ukiwa moto. Chuma kinapopoa, ile sehemu iliyopakana na mshono, ambayo haikuyeyuka lakini imeunguzwa sana, inakuwa ngumu na rahisi kukatika. Haidrojeni hujikusanya hapo taratibu. Ufa unaweza kutokea saa kadhaa baadaye, hata saa 48.

Kwa saa 48, lori lililotengenezwa Tunduma linaweza kuwa limemaliza sehemu kubwa ya kilomita zaidi ya 900 za kwenda Dar es Salaam, au liko mbali ndani ya Zambia. Fundi aliyeikagua kazi yake dakika kumi baada ya kuimaliza aliikagua kwa uaminifu, na hakuona kitu kwa sababu hakikuwepo bado.

> Ufa wa baridi unaweza kutokea hata saa 48 baada ya kazi kumalizika.

Ndiyo maana aina ya chuma ni jambo la kwanza kuuliza. Chuma cha kawaida cha mageti kina kaboni kidogo na husamehe makosa mengi. Springi ya lori ina kaboni nyingi. Ukiichomelea ikiwa baridi, pembeni mwa mshono panakuwa pagumu kama glasi na itakatika hapo hapo. Springi iliyovunjika inabadilishwa, haiungwi. Chasisi za malori mengi ya kisasa ni za chuma chenye nguvu kilichotengenezwa kwa joto maalumu, na watengenezaji wake huweka masharti makali kuhusu wapi pachomelewe na wapi pasiguswe. Moto wa rodi unaweza kufuta nguvu ile ile iliyonunuliwa kiwandani.

Dunia ilijifunza somo hili kwa gharama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilijenga meli za mizigo 2,710 za aina ya Liberty kwa kuchomelea badala ya kupiga ribiti, kwa sababu kuchomelea ni haraka. Baadhi zilipasuka. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, iliyojengwa kwa namna hiyo hiyo, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Oregon, kwenye maji yaliyotulia. Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba chuma chenyewe kiligeuka kuwa chepesi kuvunjika kwenye baridi. Kuchomelea kuliongeza jambo moja: katika meli ya ribiti ufa hufika ukingo wa bamba ukakoma, lakini katika meli iliyochomelewa mabamba yote ni kitu kimoja, na ufa una njia. Mfano wa meli ya ribiti ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913.

Nani anabeba lawama?

Mwenye gari ana hoja yake. Lori lililosimama halilipi mkopo. Kila siku ya kusubiri ina posho ya dereva, maegesho, na mteja anayepiga simu kuulizia mzigo. Kununua boriti mpya ya chasisi kunaweza kuwa mbali na uwezo wa mtu mwenye gari moja au mawili. Kwake yeye, rodi chache ni ukarabati wa busara.

Dereva yuko katikati. Gari si lake, ila maisha yaliyo kwenye usukani ni yake.

Fundi naye anasema, na anasema kweli, kwamba analipwa kwa kazi iliyoombwa. Akipendekeza chuma kisagwe, ufa uchimbwe, bamba la kuongezea nguvu likatwe, bei inapanda na saa zinaongezeka, na mteja anavuka barabara kwenda kwa jirani. Wengi walijifunza kwa kukaa kwa fundi mkubwa, wakianza kwa kushika vyuma na kugonga slagi, na mikono yao ina ustadi usiotiliwa shaka. Walichokosa mara nyingi ni ile sehemu isiyoonekana kwa kutazama: kaboni, haidrojeni, maana ya namba kwenye pakiti.

Walimu wa ufundi na wahandisi wana jibu lao: cheti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha uchomeleaji na uungaji vyuma, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani ili wapimwe na kutambuliwa bila kuanza darasani upya. Ni utaratibu mzuri. Lakini cheti hakitamlinda fundi dhidi ya mteja mwenye haraka, na hapa ndipo mjadala huu huteleza. Mafundi wanalaumiwa kwa kutojua, wakati kazi mbovu nyingi zimeagizwa hivyo na anayelipa.

Uzito nao unaingia hapa. Uhai wa mshono unaotikiswa hupungua kwa takriban mchemraba wa mkazo unaowekewa. Ongeza mkazo kwa asilimia 20 tu, na mshono unapoteza zaidi ya theluthi ya uhai wake. Anayepakia kupita kiasi kisha akamlaumu fundi kwa kiungo kilichoachia anamwonea.

Namna ya kuunga ufa wa tela

Kazi sahihi inajulikana na haihitaji mitambo ya ajabu. Betri inafunguliwa na vifaa vya kompyuta vya gari vinachomolewa. Waya wa ardhini unabanwa karibu kabisa na kazi, ili umeme usipite kwenye beringi. Rangi na kutu vinasagwa. Mwisho wa ufa unatafutwa, na mara nyingi uko mbele ya pale jicho linapodhani. Panatobolewa tundu dogo kuuzuia usiendelee. Ufa wenyewe unachimbwa kwa grenda mpaka chini, ukiwa V. Rodi kavu zisizo na haidrojeni nyingi zinatumika, chuma kinapashwa moto kwanza kikiwa kinene au kigumu, tabaka kwa tabaka, kisha mshono unasagwa ulingane na bamba.

Bamba la kuongezea nguvu likihitajika, ncha zake zinakatwa kwa mshazari na hazichomelewi kwa mstari wima unaokata boriti. Mafundi wengi huzungushia mshono pande zote nne wakidhani wanaongeza nguvu. Mstari ule wima unakusanya mkazo wote mahali pamoja, na ufa mpya huzaliwa hapo, sentimita chache kutoka kwenye wa zamani.

> Mstari wima mwishoni mwa bamba la kuongezea nguvu ndipo ufa mpya huzaliwa.

Kazi hiyo ni ya saa kadhaa, na kwa chuma kigumu ni vema ikaguliwe tena baada ya siku mbili.

Macho, mapafu na matenki

Anayeunga vyuma vya wengine analipa kwa mwili wake. Miwani ya jua haizuii mionzi ya tao. Kwa rodi za kawaida kinachotakiwa ni kioo cheusi cha namba 10 au 11, na ngozi ifunikwe. Macho yaliyoungua huuma usiku kana kwamba yamejaa mchanga. Mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi yanajenga mwili, lakini hayasafishi mapafu. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki hutoa mvuke mweupe unaoleta homa na kutetemeka jioni ile ile. Dawa yake ni kusaga zinki kwanza na kukaa upande upepo unakotoka.

Jambo moja linahitaji kusemwa kwa sauti katika mji ambao magari ya mafuta hupita kila siku. Tenki lililokwisha mafuta halijawa tupu. Mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, unasubiri cheche moja tu. Tenki la mafuta halichomelewi kabla halijasafishwa kwa mvuke au kujazwa maji au gesi isiyowaka, na kupimwa. Anayeambiwa na mteja kwamba limekauka tangu juzi akatae kazi.

Wahunzi walikuwepo

Ufundi wa chuma si mgeni hapa. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe, kazi ambayo watafiti Beverly na P. W. G. Brock waliiandikia katika miaka ya 1960. Jirani zao Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo. Mhunzi aliunga chuma kwa kukipasha mpaka kikaribie kuyeyuka kisha kukipiga nyundo, na alijua kwamba uchafu kidogo katikati unaharibu kazi yote.

Na kule kwenye mlima wa Marengi kuna kimondo cha Mbozi, chenye takriban asilimia 90 ya chuma na karibu 9 ya nikeli, kilichotambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1930. Mwaka huo mjiolojia wa serikali aliyekwenda kukata kipande cha sentimita kama 10 kwa msumeno wa mkono alitumia saa kumi.

Mkoa wenye urithi huo na wenye malori haya unastahili mahali pamoja pa kufanyia kazi hii vizuri. Halmashauri ya Mji wa Tunduma ingefanya jambo kubwa kwa kutenga eneo moja la mafundi wa magari makubwa, lenye sakafu, kivuli, umeme wa uhakika na oveni ya kukaushia rodi ya kushirikiana, na kuwaita VETA na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, waje hapo badala ya kusubiri mafundi wawafuate. Wakaguzi wa magari nao, wanapoinama kuangalia breki na tairi, wapitishe tochi kwenye mabano ya springi na mishono ya chasisi.

Mwenye gari anaweza kuanza leo. Lipa kwa saa za kazi, usilipe kwa idadi ya rodi. Muulize fundi anatumia rodi gani na imekaushwaje. Na kabla hajawasha mashine, mwambie akuonyeshe mwisho wa ufa. Kama hajaupata, gari lisiondoke.